Chemsha Kwanza, Ndimu Baadaye: Samaki wa Ndimu kwa Meza ya Nakuru

Kila jua linapoanza kuwa kali, kuanzia Desemba hadi mvua ya masika ikaribie, swali ni lile lile: "Ule samaki wa ndimu anayeliwa baridi, nitamtengenezaje nyumbani?" Wengine wamemwonja Pwani. Wengine wamemwona kwenye simu tu: mtu anakata samaki mbichi vipande vipande, anamkamulia ndimu, anangoja robo saa, anaanza kula. Wanaouliza wako Nakuru, Naivasha, Gilgil, Njoro, na wengine Marigat kwenye joto la kweli.

Jibu langu ni moja kwa wote: ukiwa huku Bonde la Ufa, samaki apite motoni kwanza, ndimu ifuate. Utamu hutaukosa. Ukali wa ndimu, ubaridi, kitunguu na pilipili vyote vitabaki pale pale. Utakachoepuka ni kuhara, minyoo na usiku wa kukimbilia hospitali.

## "Lakini si ndimu humwivisha samaki?"

Hapana. Ndimu humgeuza rangi. Asidi yake huifanya nyama ya samaki iwe nyeupe na ishikamane, na kwa macho utaapa ameiva. Lakini minyoo iliyojificha ndani ya nyama haifi kwa ndimu, hata umloweke usiku kucha. Bakteria wengine hudhoofika kwenye asidi, wengine huvumilia.

Nitajibiwa kwamba Waperu wanakula hivyo miaka yote. Ni kweli, na seviche yao, yaani samaki huyo mbichi wa ndimu, iliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa kitamaduni usioshikika wa binadamu mwaka 2023. Ila mazingira yao siyo yetu. Wao kwa kawaida hutumia samaki wa bahari, na miji yao mikubwa ya pwani humpata akiwa ametoka majini muda mfupi uliopita. Hata hivyo, kipindupindu kilipozuka kwenye pwani ya Peru Januari 1991, vyakula vya baharini visivyopikwa vilitajwa miongoni mwa njia za maambukizi, pamoja na maji machafu.

Sisi tuko zaidi ya kilomita 600 kutoka Mombasa kwa barabara. Samaki tunaowapata wakiwa wabichi kabisa ni wa maji baridi, na hao ndio wa kuogopwa zaidi wakiliwa bila kupikwa. Tilapia wa Naivasha na Baringo hujulikana kuwa na minyoo, na mara nyingine utaiona mwenyewe ukimpasua karibu na kichwa au tumboni. Ukimpika, haina madhara tena. Ukimla mbichi, ni jambo jingine.

"Je, nikimgandisha?" Kinachoua minyoo ni baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku 7 mfululizo. Kijisanduku cha barafu kilicho juu ya friji ya kawaida hakifiki hapo, na stima ikipotea kwa saa kadhaa hesabu inaharibika. Tena barafu haiui bakteria, huwalaza tu.

## Samaki gani, na kutoka wapi

Usianze na mapishi. Anza na kujua samaki wako ametoka maji gani, maana hapo ndipo wengi wanapoharibu.

Mbuta wa Ziwa Victoria. Kwa mtu wa Nakuru, huyu ndiye chaguo langu la kwanza. Minofu yake ni minene, myeupe, haina vimiba, na haivunjiki ovyo ukiichemsha. Huuzwa ikiwa imeshakatwa, kwa hiyo unajua unalipia nyama tu.

Tilapia wa Naivasha, Baringo au Kisumu. Ni mtamu, ila ana miba na mnofu wake ni mwembamba. Usihangaike kumkata vipande akiwa mbichi. Mpike mzima, kisha uchambue nyama kwa vidole. Huko Naivasha, kwenye vibanda vya Kamere na Karagita, unaweza kumnunua akiwa ameshakaangwa. Nitaeleza chini namna ya kumtumia.

Samaki wa bahari. Nguru, changu, tewa na kolekole wote wanafaa. Bahati yetu ni kwamba miezi yetu ya jua kali ndiyo miezi ya kaskazi kule Pwani. Bahari imetulia, vyombo vidogo vinatoka, samaki wako wengi. Kusi ikianza, kuanzia Aprili hivi, bahari inachafuka na bei inapanda. Ukitaka kuagiza samaki kutoka Mombasa, agiza kati ya Desemba na Machi.

Kamba na pweza. Wakija wamegandishwa vizuri, chukua bila wasiwasi. Wana sehemu yao hapa chini.

Kamba wekundu wa Naivasha, wale wenye makucha. Asili yao ni Amerika; waliletwa ziwani mwaka 1970 na wamezaana hadi leo. Wanaliwa, na nyama ya mkia ni tamu, lakini kamba wa maji baridi wa jamii hii wanaweza kubeba vimelea vinavyoshambulia mapafu. Wachemshe wazima hadi wawe wekundu kabisa, dakika 8 hadi 10. Hapa sina mjadala.

Kapi. Amejaa Naivasha na ni rahisi, lakini ana vimiba vidogo vyenye matawi ndani ya nyama. Mkaange. Kwa samaki wa ndimu atakusumbua, na ukiwa na watoto mezani ni hatari.

Samaki wa Ziwa Nakuru. Huyu muache. Ziwa liko ndani ya hifadhi ya taifa na uvuvi humo hauruhusiwi. Maji yanayotiririka kutoka mjini huishia humo, na yanaweza kubeba metali nzito. Ukisikia samaki wa bei ya kutupa anapitishwa mtaani kwa ndoo na muuzaji hataki kusema ametoka wapi, achana naye. Metali nzito haitoki kwa moto, wala kwa ndimu.

## Ukifika sokoni

Iwe ni Soko la Wakulima, Top Market au duka la samaki lenye friji, fanya haya:

- Muulize mama wa samaki: "Huyu ni wa wapi, na ameingia lini?" Anayejua mali yake atakujibu bila kusita.
- Fungua shavu uone matamvua. Yawe mekundu, si ya kahawia wala ya kijivu.
- Bonyeza nyama kwa kidole. Irudi. Ikibaki na shimo, rudisha samaki mezani.
- Nusa. Samaki mzuri ananukia maji. Harufu kali inayochoma pua ni ya kuoza, na ndimu haitaificha.
- Angalia barafu iko wapi. Samaki alale ndani ya barafu. Vipande vichache vilivyorushwa juu yake havisaidii kitu.
- Mnunue mwisho kabisa, baada ya mboga na matunda, kisha nenda nyumbani moja kwa moja.

Kwa nguru na jodari nina onyo la pekee. Samaki hawa wakikaa kwenye joto, nyama yao hutengeneza histamini, na histamini haiharibiwi na moto. Mtu akila, ndani ya dakika chache au saa moja anaona uso unawaka, kichwa kinagonga, mwili unawasha. Kwa hiyo usikubali nguru aliyesafiri usiku kucha kwenye buti la basi bila barafu, hata aliyemtuma akiwa ndugu yako.

## Vya kuandaa

Kwa watu wanne:

- Nusu kilo ya mnofu wa mbuta au nguru, usio na ngozi
- Ndimu 6 hadi 8, upate nusu kikombe cha maji yake
- Chungwa 1 kubwa. Ya Makueni yana maji mengi
- Vitunguu maji 2, vyekundu
- Nyanya 2 ngumu
- Tango 1 dogo
- Dania fungu moja
- Pilipili 1 au 2, kadiri ya ulimi wa nyumba yako
- Kipande cha tangawizi, punje 2 za kitunguu saumu
- Chumvi, na sukari kidogo sana
- Embe 1 lisiloiva sana, ukipenda. Miezi hii ya joto ndiyo miezi ya maembe.

Ukikosa ndimu, malimau yanafaa, ila ukali wake ni mpole zaidi, ongeza moja. Maji ya ndimu ya chupa yatumie ukikosa kabisa. Ladha yake imelala.

Jambo moja la vyombo: chemshia kwenye sufuria yako ya kawaida, lakini usilowekee humo. Sufuria zetu nyingi ni za alumini, na asidi huila alumini. Samaki atapata ladha ya chuma na rangi ya kijivu. Tumia bakuli la kioo, la udongo uliopakwa rangi ya kung'aa, au la plastiki safi.

## Hatua kwa hatua

1. Anza na kitunguu. Kikate nusu mwezi, chembamba kadiri kisu kinavyoruhusu. Kinyunyizie kijiko kidogo cha chumvi, kisha kivuruge kwa vidole, ukikiminya bila kukiponda. Baada ya dakika moja utasikia kimelegea mkononi na kinatoa maji meupe yenye povu. Ule ndio ukali unaotoka. Kisuuze mara mbili, kikamue, kiweke kando. Hii ni kazi ile ile ya kachumbari, na wanaoiruka ndio wanaolalamika kwamba kitunguu kimefunika samaki.

2. Andaa maji ya kuchemshia. Lita moja na nusu, kijiko kikubwa cha chumvi, tangawizi iliyopondwa, saumu, na vipande viwili vya ganda la ndimu. Yachemke dakika tano kabla samaki hajaingia. Maji matupu hutoa samaki mtupu.

3. Kata samaki vipande vya sentimita 2 kwenye ubao wake peke yake. Ubao huo na kisu hicho visiguse mboga hadi vioshwe kwa sabuni na maji moto.

4. Mtie samaki, punguza moto. Maji yatetemeke tu, yasiruke. Kwa vipande vya sentimita 2, hesabu dakika 4 hadi 5. Ukifuata mapishi yaliyoandikwa Mombasa au ng'ambo utaambiwa dakika 3. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na maji hapa huchemka yakifika nyuzi 94 hivi badala ya 100. Ongeza dakika.

Lakini usiitegemee saa peke yake. Toa kipande kikubwa kuliko vyote, kivunje katikati. Kama ndani bado kuna sehemu inayong'aa kama kioo, rudisha. Kikiwa cheupe hadi katikati na nyama inaachana kwa matabaka, opoa vyote mara moja.

5. Mpoze akiwa mkavu. Mtandaze kwenye sinia, tabaka moja. Usimtie kwenye maji baridi. Atanywa maji na ndimu haitapata pa kuingilia. Mvuke ukiisha, baada ya dakika kama 10, mwingize kwenye friji nusu saa.

6. Changanya maji ya kulowekea. Nusu kikombe cha ndimu, robo kikombe cha chungwa, pilipili iliyokatwa, nusu kijiko kidogo cha chumvi, sukari ya kubana kwa vidole viwili. Onja. Yawe makali kuliko unavyopenda, kwa sababu samaki atayatuliza.

7. Mwagia samaki, rudisha kwenye friji. Nusu saa inatosha, ukimgeuza mara moja katikati kwa kijiko kipana. Baada ya saa mbili nyama huanza kuwa kama unga mdomoni.

8. Mboga mwisho. Dakika tano kabla ya kula, tia kitunguu, tango, embe na dania. Nyanya iingie ya mwisho, ikiwa imetolewa mbegu na ute wake. Ikikaa humo muda mrefu inatoa maji na kuyafifisha yote.

## Kamba, pweza, na tilapia aliyekaangwa

Kwa kamba wa bahari, wamenye, watoe ule uzi mweusi wa mgongoni, kisha watie kwenye maji yale yale yanayotetemeka. Wakigeuka waridi na kujikunja, na nyama haina tena uwazi, wameiva. Kwa wale wa wastani ni dakika 3 au 4. Ukizidisha wanakuwa mpira. Hawa wanavumilia ndimu hadi saa moja.

Pweza ndiye ninayempenda kuliko wote kwa mapishi haya, na ndiye wengi wanayemwogopa bure. Pwani hawasumbuki naye: wanamchemsha hadi alainike, wanamkata vipande, wanamkamulia ndimu na kumtia pilipili na chumvi. Utaona ni utaratibu ule ule ninaouhimiza hapa. Pweza aliyegandishwa ni bora hata kuliko asiyegandishwa, kwa sababu barafu hulegeza misuli yake. Mchemshe bila haraka kwa saa moja au zaidi kwenye sufuria, au dakika 20 kwenye presha kuka, hadi uma uingie kwenye sehemu nene ya mkono wake bila kusukumwa. Mkate vipande vyembamba kama sarafu. Yeye anaweza kulala kwenye ndimu hadi kesho yake na akazidi utamu.

Tilapia aliyekaangwa, wa jikoni kwako au wa kibanda cha Kamere, mpashe kwanza hadi awe moto kabisa ndani. Mchambue, mtoe miba kwa uangalifu, achana na ngozi iliyolegea, kisha fuata hatua ya 5 hadi ya 8. Punguza chumvi, kwa maana wakaangaji wengi huwa wameshaitia. Ladha ya mafuta na ndimu zikikutana, hapo hata anayesema hali samaki baridi hunyoosha mkono.

## Makosa ninayoyaona tena na tena

- Kumrudisha samaki aliyeiva kwenye bakuli alilokuwa akiwa mbichi. Ukifanya hivi, umeirudisha hatari uliyoitoa kwa moto.
- Kukamua ndimu hadi ganda lilie. Ile nyeupe ya ndani ni chungu. Viringisha ndimu mezani kwa kiganja kwanza, kisha ikamue kwa wastani.
- Kukamua ndimu jana kwa ajili ya leo. Maji yakilala yanakuwa machungu.
- Kukamua ndimu nyingi ukiwa umekaa juani. Maji ya ndimu yakibaki kwenye ngozi na jua likapiga, yanaweza kukuunguza hadi malengelenge, na alama nyeusi zikakaa wiki kadhaa. Kamulia ndani, nawa mikono na sabuni kabla ya kutoka, na wanawishe watoto waliokusaidia.
- Kumyeyusha samaki wa barafu kwenye sinki mchana kutwa. Mtoe kwenye barafu usiku, alale sehemu ya chini ya friji ndani ya bakuli.
- Kuzidisha pilipili ili "iue wadudu." Pilipili haiui chochote. Itie kwa utamu.

## Maswali mengine mliyoleta

Sina friji. Nifanyeje? Unaweza, kwa sharti moja: unapika na kula papo hapo. Samaki akishapoa mvuke, mloweke kwa dakika 15 hadi 20 kwenye bakuli lililofunikwa, likae ndani ya beseni la maji baridi, lenye barafu ukipata. Pika kiasi cha kumalizwa.

Naweza kutumia siki? Nusu siki, nusu ndimu, sawa. Siki peke yake inakupa ladha ya achari, ambayo ni chakula kizuri lakini si hiki.

Mjamzito anaweza kula? Na mtoto mdogo? Na mzee? Akiwa ameiva kama nilivyoeleza na analiwa siku hiyo hiyo, ndiyo. Samaki mbichi wa ndimu, hapana, na hata pale hotelini usione haya kuuliza kama amepitishwa motoni. Mtoto mpunguzie pilipili na umkagulie miba mara mbili.

Harufu ya tope kwa tilapia naiondoaje? Msugue kwa chumvi na ndimu akiwa mbichi, mwache dakika 10, msuuze vizuri, ndipo apikwe. Hii ni ya kumsafisha tu; ile ndimu mwage.

Anakaa siku ngapi? Kwenye friji yenye baridi ya nyuzi 4, mnofu wa samaki ni hadi kesho yake. Mezani, asizidi saa mbili.

Tunaenda Baringo Jumamosi, naweza kumbeba? Mbebe kwa vipande: samaki aliyeiva na kupoa kwenye chombo kimoja, maji ya ndimu kwenye chupa, mboga zikiwa zimekatwa kando, vyote ndani ya kisanduku cha barafu kilichojazwa hadi juu. Changanya mkishafika. Kuanzia Marigat kwenda chini, joto hupita nyuzi 32 bila shida, na kwa joto hilo ile saa mbili ya mezani inakuwa saa moja. Pakua kidogo kidogo na ufunike kisanduku kila mara.

Aliwe na nini? Viazi vya Molo vilivyochemshwa na kuachwa vipoe, muhogo wa kukaanga, au chapati iliyokunjwa ikiwa bado moto. Ugali pia, ila uwe mgumu na mdogo. Yale maji ya ndimu yanayobaki chini ya bakuli, wengi wetu huchovya tonge humo hadi yaishe.